Masanduku 5,000 hayakuwa ya dhahabu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipostaafu na sijawahi kukuandikia. Habari ya Jumapili ile, ya "meli ya hazina" ya Mjerumani iliyozama Ziwa Tanganyika na masanduku 5,000, imenishinda kunyamazia.

Masanduku yalikuwepo. Yalishushwa hapa hapa Dar es Salaam, yakapandishwa garimoshi hadi Kigoma, na ndani yake mlikuwa na meli yenyewe, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kisha ikafunguliwa vipande vipande. Wala haiko chini ya maji. Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wasimwachie adui, injini wakazipaka grisi nene. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Mimi mzaliwa wa Ujiji, mama alinipandisha meli hiyo hadi Kasanga nikiwa mgongoni.

Jumatatu yake mjukuu wangu akarudi kutoka Kariakoo na sarafu kwenye kitambaa chekundu. Kainunua kwa laki tatu, pesa aliyoidunduliza miezi minane anunue cherehani. Aliyemuuzia alikuwa ameikata habari yenu na kuitia kwenye nailoni, anawaonyesha wateja: "Soma mwenyewe, gazeti limeandika." Sarafu ina tembo, milima nyuma yake, na mwaka 1916, kama zile za dhahabu za Mjerumani, za rupia 15 za kweli. Lakini zile zilipigwa Tabora, kwenye karakana ya reli, hazikutoka ziwani. Nikachukua ndimu na majivu, nikasugua. Dhahabu yote ikabaki kwenye kidole gumba changu. Mtoto hakusema neno, alikikunja tu kile kitambaa mara nne, akaenda kulala saa kumi na mbili jioni.

Na huku kwetu Mbagala wapo wanaochimba usiku kutafuta mali za Mjerumani. Wameukata mizizi mwembe waliokuwa wakisomea chini yake watoto wa madrasa, mvua ya kwanza ukaanguka.

Naomba uchapishe picha ya Liemba Jumapili tatu mfululizo, ukurasa ule ule, herufi zile zile kubwa, na chini yake miaka mitatu tu: 1916, 1924, 1927. Nitanunua nakala ishirini, nizitie nailoni, nikazibandike mwenyewe pale alipouziwa mjukuu wangu.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam