Somo, lile la kinu ulipatia

Somo yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Za Dodoma, za vumbi, za kazi, za yule bosi wako anayekohoa kwanza ndo akutume? Huku wote wazima alhamdulillah, mama na magoti yake yaleyale, Kibwana kanunua pikipiki nyingine na hii nayo haina breki. Najua nimekaa kimya toka mfungo, usianze. Meseji zako zote nimeziona, ile ndefu nilianza kuijibu nikapitiwa na usingizi, kesho yake nikaona aibu, keshokutwa aibu ikawa kubwa zaidi, ikafika mahali nikiona jina lako kwenye simu naigeuza kifudifudi kama ninayedaiwa. Sasa naandika barua nzima ili deni liishe kwa mpigo.

Habari yenyewe: dada Asha kajifungua, mtoto wa kike, kilo 3 na nusu, sauti ya muadhini. Niko kwake Chumbageni wiki ya pili, zamu yangu ya usiku, na hiyo zamu ndo imeleta yote haya, maana mtoto halali mpaka saa tisa. Nikafukua ile hadi diski yetu ya zamani tuliyojaziwa masizoni na yule kijana wa laibrari ya muvi pale barabara ya 12, nikaikuta Once Upon a Time yote, sizoni 7, ile tamthilia ya Kizungu ambayo malkia Regina anawalaani watu wa hadithi za kale wakaishi mji wa kawaida kwa majina mapya. Nimeanza upya toka ya kwanza, mtoto begani, sauti chini.

Somo, naomba radhi. Lile la kinu ulipatia.

Unakumbuka? Sizoni ya 1, tumekaa kwenye mkeka kwa bibi yako, ukasema Regina hakuitwa Mills bure, mill ni kinu cha kusaga, na kwenye ile hadithi ya kale ya Wajerumani binti anayefungiwa chumbani asokote majani makavu yawe dhahabu ni binti wa msaga unga. Kwa hiyo, ukasema na kidole juu kama mwalimu wa madrasa, huyu malkia ana asili ya kinuni na Rumpo, yaani Rumpelstiltskin yule mchawi wa kusokota dhahabu, anahusika. Mi nikacheka mpaka chai ikanipalia, nikakwambia Mills ni jina tu la Kizungu kama sisi tulivyo na kina Juma, tena nikakuita Mwanaidi Mashine ya Unga mbele ya kina Zai na ukanuna wiki nzima. Halafu nikahamia Muheza, sizoni ya 2 kila mtu akaiangalia kivyake, na ile episodi ya 16 umeme ulikatika nikairuka sikuirudia tena. Usiku wa juzi nimeikuta. Jina lake lenyewe Binti wa Msaga Unga! Ya Machi 2013! Cora, mama mzazi wa Regina, anaingia ikulu kijana kabisa na mzigo wa unga, anapigwa mtama na binti mfalme halafu yeye ndo anapigishwa magoti aombe msamaha, na baadaye anayemfundisha kusokota dhahabu ni nani? Rumpo. Nilipiga ukelele mtoto akaamka, Asha akaja mbio akidhani kuna nyoka.

Yaani miaka zaidi ya 10 umekaa na ushindi wako mfukoni hujasema kitu. Uliiona wewe lini? Na kwa nini hukunipigia simu kunitukana?

Sasa kwa kuwa nshajua unapatia, nimerudi kuyapekua majina yote upya na daftari, usicheke. Yale mepesi tuliyajua zamani, Regina ni malkia kwa Kilatini, Ruby ni yakuti nyekundu na ndo Kofia Nyekundu mwenyewe, Ashley ana jivu ndani ya jina na Sinderela wa watu alilala kwenye majivu jikoni. Sidney Glass ndo mzuri kuliko wote ukimleta kwetu, maana kwa Kiingereza mtu lazima afikirie kidogo, glasi, aha, kioo cha uchawi, ila sisi kioo ni kioo, ungemwita Sidney Kioo siri imeisha dakika ya kwanza. Hopper ananikera kidogo, maana hopa ni panzi na yule bwana kule kwao ni nyenje, ni kama umwite mbuzi Bwana Kondoo, haya tuseme wote wanaruka. Leroy kuwa ati ni "mfalme" kwa Kifaransa, hapo mi nakataa, hapo watu walikuwa wanatafuta, kibete mlevi wa mji awe mfalme wa nini?

Ila Mary Margaret, yule Snow White wa mjini! Blanchard tulijua ni weupe, blanc, Snow White. Kumbe Ujerumani kuna mji unaitwa Lohr wanajinadi kwamba Snow White alikuwa mtu wa kweli wa kwao, karne ya 18, anaitwa Maria Sophia Margaretha. Maria. Margaretha. Sijui kama waandishi walikusudia au wamebahatisha ila mwili ulinisisimka, saa nane usiku, na chupa ya maziwa mkononi.

Na aibu yangu ya Dokta Whale usiitaje. Najua utaitaja. Ndiyo, niliapa kwa Mungu kwamba yule ndo nyangumi aliyemmeza Pinokio na baba yake, si whale ni nyangumi, ningefikiria nini kingine? Kumbe ni Frankenstein, na Whale ni James Whale, aliyeiongoza ile filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931. Sasa hiyo mtoto wa Tanga angeijulia wapi? Na ile W ya August W. Booth niliyosema ni mbao, wood, wakaja na Wayne, Wayne!, wakati mtu ni Pinokio kweli na mguu wake unageuka gogo. Hapo nilikaribia kuliko wao wenyewe. Zelena angalau nimempata mwenyewe juzi bila msaada: kwa Kicheki na Kikroeshia ni kijani, na mchawi mzima rangi ya mchicha. Na ile saa ya mnarani iliyogoma kwenye 8:15 mpaka Emma, binti wa Snow White, alipoamua kubaki mjini, kumbe waandishi wale wawili, Kitsis na Horowitz, walitoka kwenye tamthilia nyingine, Lost, na ile ndege ya Lost ni namba 815. Nyumba ya Regina nayo ni namba 108, jumlisha zile namba 6 zinazojirudiarudia kwenye Lost, inatoka 108. Nimejumlisha kwenye daftari mara mbili.

Ila lililonikalisha kitako si hayo. Laana iliwanyang'anya watu wote kumbukumbu, ndoa, watoto, ikawapa majina mapya, na majina hayo mapya ndo yakawa yanawachongea. Halafu Rumpo, yule ambaye kwenye hadithi ya zamani jina lake likitajwa kaisha, huku ndo anayejua bei ya jina. Yuko kifungoni, wazazi wa Emma wanataka msaada, na anachodai si dhahabu, anadai jina la mtoto ambaye hajazaliwa. Miaka 28 baadaye anaingia pale kwenye gesti ya Granny kukusanya kodi, anasikia "Emma", uso unabadilika. Tulipoiangalia mara ya kwanza tulidhani ni mzee mshenzi anatongoza. Kumbe ile ndo ilikuwa kengele yake ya kuamkia. Na jambia lake, limeandikwa nini? Jina! Anayelishika anamtuma anavyotaka, na mwisho wa sizoni ya 4 jina linalotokea pale ni Emma Swan. Emma Bata wetu, si swan ni bata maji.

Na Bata lenyewe! Nilikuwa najua tu hadithi ya kifaranga kibaya anayekua bata maji mzuri, na ile familia iliyomchukua akiwa mchanga ikamrudisha akiwa na miaka 3 kwa sababu wamepata wa kwao. Huko sizoni ya 6 inaonyeshwa kwamba Swan alilichagua mwenyewe, utotoni, baada ya kuchoma kurasa za kitabu cha hadithi hiyohiyo ya kifaranga. Henry, mtoto aliyezaliwa na Emma akalelewa na Regina, kwa upande wake kapewa jina la babu ambaye aliuawa na huyohuyo aliyempa jina. Regina alimng'oa baba yake moyo, halafu akampa mtoto jina la baba. Nimelala na hilo siku tatu.

Sasa hapa ndo penye kazi yako, somo. Mtoto wa Asha hana jina. Siku ya 7 imepita, akika imesogezwa kwa sababu ya mbuzi, kadi ya kliniki imeandikwa "Mtoto wa Asha" mpaka leo. Mama anataka aitwe Tabu, jina la bibi, na ameshalia mara mbili. Asha anasema nimwite mwanangu tabu kwa mdomo wangu, kila asubuhi, "Tabu njoo", si najiitia mwenyewe? Shemeji naye kaja na jina kalitoa mtandaoni, ana hakika lina maana ya nuru ya kitu fulani, hata yeye hajui kulitamka. Wakaniuliza mi kwa kuwa nimesoma, nikajikuta naanza kuwaelezea habari za Rumpo na jambia, mama akaniangalia tu akanyanyuka kwenda kukaanga vitumbua.

Lakini bibi Tabu hakuwa na tabu bwana. Si unamkumbuka? Alizika waume watatu na akajenga nyumba ya bati. Au niseme jina lilimchongea kwa namna ambayo sisi hatukuiona? Wewe ndo mwenye jicho la majina, ungeona nini ndani ya Tabu? Ungempa Henry jina la yule babu? Na tukilikataa mama atanyamaza au itakuwa kama ile ya kina Zai na shamba? Hivi bibi yako alituitaje mwanzoni kabla hatujakuwa somo, Mwanaidi wa Huku na wa Kule? Na wewe kwani uliitwaje Mwanaidi na ulizaliwa mwezi wa kawaida kabisa, uliwahi kumuuliza mama yako? Unakuja akika au bosi anakohoa? Na zile sizoni za mwisho uliziangalia, ile ya 7 wenyewe wamebadilishwa karibu wote, nivumilie au niache?

Nijibu kabla ya Ijumaa, mbuzi kashanunuliwa na kafungwa uwani, analia kuliko mtoto. Na ile chipsi mayai tuliyowekeana juu ya Mills nadaiwa, najua, ukija.

Somo wako,
Mwanaidi (yule wa siku ya Idi kweli)