Ulizeni Ubao Ulikotoka: Barua kwa Vijana Wasanii wa Lamu

Wanangu,

Assalamu alaikum. Nawaandikia nyinyi mnaokutana baada ya alasiri kwenye ile karakana ya Langoni, mabinti na wavulana mnaochanganya mbao za majahazi, matanga yaliyochakaa, leso, nyaya na makopo mkatoa picha. Nimepita hapo mara nyingi bila kuingia. Juzi niliingia, nikakaa mbele ya kazi moja karibu nusu saa, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia.

Ilikuwa ubao mrefu wa jahazi uliopigwa msasa na kupakwa buluu, na juu yake uso wa mwanamke uliokatwa kwa leso na kuzungushiwa waya wa shaba. Kazi nzuri, nasema kweli. Yale macho yalinikumbusha marehemu shangazi yangu. Nikamuuliza kijana, ubao umetoka wapi? Akasema kauokota ufuoni. Na leso? Ya nyumbani. Imeandikwa nini? Hakujua. Mstari wa maneno aliukata akautupa kwa kuwa ulizidi ukubwa wa ubao.

Leso ina pindo, ina mji wa katikati, ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Mwanamke wa hapa haingii dukani kutazama rangi tu. Anasoma jina, anarudisha, anachukua nyingine, kwa sababu huenda lile jina ndilo litakalomfikia wifi au jirani kwa jambo ambalo mdomo hauwezi kulisema. Sikukatazeni kukata. Kateni, lakini lisomeni kwanza, na mumuulize mwenyewe aliinunua lini na alimkusudia nani. Mkishajua, mkasi utapita mahali pengine.

Nao ubao niliugeuza, nisamehewe. Nyuma ulikuwa na ukoko mweupe wa deheni, ile chokaa iliyochanganywa na shahamu, na ukingoni imesalia pamba ya kalafati, ya kuziba nyufa za mbao, iliyokauka kama uzi wa nazi. Basi ulikuwa ubao wa chini ya maji, uliobeba watu na mizigo yao. Upande huo ndio ulioelekezwa ukutani! Aliyeutengeneza hakuwa na kosa la ujeuri. Hakuna aliyemwambia deheni ni kitu gani. Hilo ni kosa letu sisi wazee, tuliokaa barazani tukinung'unika kwamba vijana hawaulizi, na sisi wenyewe hatuinuki kwenda kuwasemesha. Nendeni Matondoni mkashinde na mafundi wa majahazi tangu asubuhi hadi jua linapozama. Mshike tezo na keekee, mbebe mbao, mfanywe wanagenzi hata kwa siku tatu.

Najua mnawatazama wasanii wakubwa kwenye simu zenu, na ni vizuri. Ila tazameni walivyofanya, msitazame sura ya mwisho peke yake. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, alichukua vifuniko vya chupa za pombe vilivyotupwa, akavibamiza, akavikunja, akavishona kwa waya wa shaba vikawa kama nguo kubwa za kufunika kuta. Alijua pombe ile ina historia yake, kwamba ilikuwa bidhaa ya Wazungu katika biashara yao na Waafrika, biashara ya watumwa ikiwemo. Mwaka 2015 alitunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa kule Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alibandika vipande vya majarida juu ya michoro ya zamani ya udaktari inayoonyesha maradhi ya wanawake. Ile karatasi ilikuwa inasema tayari kabla hajaigusa.

Na msiende mbali. Jahazi la Flipflopi lilishushwa majini hapahapa Lamu mwaka 2018, la plastiki iliyookotwa, limevikwa ndara kutoka ufuoni. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Fundi wake, Ali Skanda, alikuwa akijua jahazi la mbao, mkuku wake na mataruma yake, ndipo taka zikakubali kuwa chombo.

Kuna jambo moja nalikataza kabisa. Vigae vya sahani za Kichina mnavyoviona kwenye magofu ya Shanga na Takwa, viacheni pale vilipo. Sheria inavilinda, na kigae kikishaondolewa kwenye udongo wake hakiwezi tena kueleza kililetwa zama zipi wala kilikuwa cha nyumba gani.

Nayasema haya kwa uchungu wangu. Nilipokuwa kijana, mnunuzi mmoja alikuja akitafuta milango ya zamani. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa imeanza kubomoka. Niliung'oa mlango kwa mikono yangu mwenyewe, mimi mchongaji, mwana wa mchongaji, nikauuza. Kizingiti chake kilichongwa jina la fundi na mwaka wa Hijria. Sikuunakili. Fedha zile tulizila miezi miwili. Leo wajukuu wananiuliza jina la fundi yule, nami nakumbuka herufi mbili tu. Kwa hiyo kila mmoja wenu awe na daftari. Kitu kikiingia karakanani, aandike kimetoka wapi, kwa nani, kilikuwa kinafanya kazi gani. Mgeni akitaka kununua picha, asomewe ukurasa ule. Asipokuwa na subira ya kusikiliza, bei isipunguzwe.

Mnunuzi aliacha kitu kimoja. Mfaa wa ule mlango, yaani mti wake wa katikati, hakuutaka, kwa sababu mchwa walikuwa wameula chini kiasi cha shubiri moja. Upo kwangu, nyuma ya birika la maji, umefunikwa gunia. Nakshi ya juu imesalimika yote. Njooni Ijumaa baada ya swala ya alasiri, na yule kijana wa ubao wa buluu asikose. Leteni karatasi nyembamba na makaa, tunakili nakshi kwanza, nami nitawaonyesha patasi ilikoanzia na ilikotokea. Tukimaliza, uchukueni. Mtakavyoutumia mtaamua wenyewe.

Babu yenu,
mchongaji mstaafu wa Mkomani