Ruzuku ya ulinzi ianzie mlangoni

Mhariri,

Serikali inapotoa ruzuku ya ulinzi kwa biashara ndogo, wengi hukimbilia kamera. Sisi mafundi wa vitasa na milango tunaomba fedha hizo zianzie mlangoni. Kamera humrekodi mwizi, haimzuii kuingia.

Mara nyingi mlango hauachii kwenye kitasa bali kwenye fremu. Kibati kinachopokea ulimi wa kitasa hufungwa kwa skrubu fupi za milimita 20 hivi. Teke moja zinang'oka na kipande cha mbao. Weka za milimita 75 zipite fremu na kushika kilicho nyuma yake. Kwenye ukuta wa matofali, tumia bolti za kutanuka, zinazojipanua ndani ya tundu zikikazwa. Ulimi uingie angalau milimita 25. Mlango unaofunguka kwa nje, bawaba zake ziko nje pia: pini isiyokazwa huchomolewa, kufuli likabaki zima.

Kamera ya mlangoni ikae karibu na usawa wa uso, maana ikiwa juu sana hunasa kofia tu. Kinasa picha, yaani kifaa kinachohifadhi picha za kamera, kifichwe, la sivyo mwizi huondoka nacho pamoja na ushahidi.

Mwombaji asinunue chochote kabla ya kusoma masharti. Ruzuku nyingi hazilipii kazi iliyoanza kabla ya idhini, na nyingine hurudisha fedha baada ya risiti. Hapo mwenye kibanda hukwama, kwa kuwa hana mtaji wa kutanguliza. Tunaiomba serikali itoe nusu mwanzoni, nusu baada ya ukaguzi.

Mafundi wa vitasa na milango