Chumba cha kuonjea mvinyo kisihesabiwe kuwa baa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililonikaa moyoni, la vyumba vya kuonjea mvinyo mashambani ambavyo hapa kwetu huhesabiwa kuwa baa, tangu niliporejea kutoka Afrika Kusini, nilikokwenda mwezi Machi kuhudhuria mahafali ya binti yangu katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Mimi ni dereva wa watalii, mkazi wa Lanet, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikisafirisha wageni kati ya Nakuru na Naivasha. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu anayekula jasho la utalii, wala si ya mlevi anayeitetea chupa yake.

Siku ya pili baada ya mahafali, binti yangu alitupeleka katika shamba la mizabibu ambalo limekuwa mikononi mwa familia moja kwa vizazi kadhaa. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mimi, kwa mazoea ya kwetu, niliona aibu kuingia mahali pa pombe jua likiwa bado linapanda. Tulikaribishwa katika ghala la zamani lenye kuta nene zilizopakwa chokaa, ambamo palikuwa na meza moja ndefu na glasi zilizopangwa kwa safu. Aliyetuhudumia alikuwa mama wa makamo, mke wa mmoja wa ndugu wanaolimiliki shamba hilo, na nilipotazama mikono yake niliona mipasuko ya vidole imejaa weusi wa maji ya zabibu, kwani mavuno yalikuwa yanaelekea ukingoni.

Mama huyo alimimina mvinyo wa kutosha mafunda mawili tu. Alituelekeza tushike glasi kwenye shina lake ili joto la kiganja lisiupashe mvinyo moto, tuutazame kwenye mwanga, tuuzungushe, tuunuse, na ndipo tuonje. Alianza na mweupe mwepesi, akamalizia na mwekundu mzito, kwa kuwa ulimi uliokwisha kuonja mzito haupati tena ladha ya mwepesi. Kisha akasogeza beseni katikati ya meza. Mzee aliyekaa mbele yangu, amevaa suti kama hakimu, aliinama akautema mvinyo ambao chupa yake, kwa hesabu yangu ya haraka, ingeninunulia kuku watatu. Nusura nimpokonye glasi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba anayeonja aina sita au saba akizimeza zote hatajua tofauti ya ile ya mwisho na maji ya bomba.

Baada ya hapo alitufungulia mlango wa nyuma, tukaingia palipo na mapipa ya mwaloni, penye baridi na harufu ya mkate unaoumuka. Akatueleza kwamba mvinyo mwekundu hupata rangi yake kwa sababu maji ya zabibu huachwa yachachuke pamoja na maganda, ilhali zabibu za mvinyo mweupe hukamuliwa na maganda kuondolewa mapema. Nilikuwa nimefikisha umri wa miaka hamsini na mbili bila kulijua hilo. Tulikaa saa mbili, tukala chakula cha mchana hapohapo, tukanunua chupa tatu na mtungi wa zeituni, na katika watu kumi na wawili waliokuwa mezani sikumwona hata mmoja aliyetoka akiyumba. Fedha zetu ziliingia moja kwa moja mkononi mwa mkulima, bila kupitia kwa wakala wala duka kuu.

Nimewasimulia wenzangu habari hii na jibu nililolipata ni kwamba wale wana historia, sisi hatuna. Ni kweli kwamba historia wanayo: zabibu za kwanza za huko Rasi, yaani eneo la Cape lenye mji wa Stellenbosch, zilikamuliwa mwaka 1659, siku za Jan van Riebeeck, Mholanzi aliyeanzisha makazi ya Wazungu huko, na shamba la Meerlust, lililo karibu na Stellenbosch, limekuwa la ukoo wa Myburgh tangu 1756. Lakini njia rasmi ya kuwatembeza wageni kutoka shamba hadi shamba ilianzishwa mwaka 1971 tu, na wakulima wachache, akiwemo Frans Malan wa shamba la Simonsig, ambao waliona jinsi mambo yanavyofanywa Ufaransa. Mashamba yalikuwa na zaidi ya karne mbili, ila lango la mgeni lilifunguliwa kwa uamuzi wa watu waliokuwa hai wakati mimi ninazaliwa. Wala historia hiyo haikuwa ya kujivunia yote, na mama yule hakuificha: mashamba ya Rasi yalijengwa kwa mikono ya watumwa, na kwa miaka mingi vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, desturi iliyopigwa marufuku lakini iliyoacha ulevi na watoto waliodhurika wakiwa bado tumboni.

Sasa turudi Naivasha, ambayo iko katika kaunti yetu hii ya Nakuru. Iko karibu na ikweta lakini imeinuka takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hivyo mchana una jua na usiku una baridi, jambo linaloiwezesha zabibu kupata utamu bila kupoteza uchachu wake. Kwa kuwa hatuna kipupwe cha kuulaza mzabibu, mkulima huupogoa ili auamshe wakati anaoutaka yeye, na akijihadhari na ukungu wa msimu wa mvua anaweza kuvuna zaidi ya mara moja kwa mwaka, jambo ambalo yule mama wa Stellenbosch aliniomba nilirudie mara mbili kabla hajaliamini. Mvinyo wa Leleshwa, uliopewa jina la kichaka tunachokijua sote hapa Bonde la Ufa kwa harufu yake ya kafuri, umetokana na zabibu za hapohapo Naivasha. Hata hivyo, wageni wangu wengi huona ziwa, viboko, mbuga ya Hell's Gate na paa za plastiki za mashamba ya maua, kisha hurudi Nairobi bila kuona jani moja la mzabibu.

Sisemi kwamba sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, ambayo ilipelekwa bungeni na aliyekuwa Mbunge wa Naivasha wakati huo, Bw John Mututho, haikuwa na maana. Tulikuwa tunazika watu waliouawa na pombe yenye sumu na kuwashika mikono waliopofuka. Lakini sheria hiyo iliweka saa za baa kuanza saa kumi na moja jioni siku za kazi, na ukimpima mwenye shamba la mizabibu kwa kipimo hicho, utakuwa umemwambia afungue lango wakati mgeni anapakia mizigo. Hakuna anayekwenda kutazama vichala vya zabibu gizani.

Katiba imezipa serikali za kaunti mamlaka ya kutoa leseni za vileo, kwa hiyo Bunge la Kaunti ya Nakuru halihitaji kumsubiri mtu Nairobi. Litunge leseni ya pekee ya chumba cha kuonjea kilicho ndani ya shamba, kinachofunguliwa mchana, kinachoonjesha mvinyo wa shamba hilo tu kwa kipimo kidogo kinachojulikana, chenye chakula na beseni la kutemea, na ambacho hakiwahudumii watoto. Kwa upande wetu madereva ningependa sheria iwe kali zaidi: dereva asionje kabisa, hata kwa kutema, apewe maji ya zabibu yasiyochachuka. Na wasije wakatuambia kuwa kuonja ni desturi ya kigeni. Kwetu Vihiga, mama aliyepika busaa, pombe yetu ya nafaka, hunywa funda la kwanza mbele ya wazee ili waone kwamba ni salama, kisha wazee hukizunguka chungu na mirija yao, wakiongea taratibu hadi mambo ya kijiji yaishe.

Ninaye rafiki anayelima mizabibu si mbali na ziwa, ambaye alijenga chumba cha mawe chenye dirisha kubwa linalotazama shamba. Alipokwenda kuuliza katika ofisi inayohusika, aliambiwa ajaze fomu ya baa, na kwamba baa hairuhusiwi pale kwa sababu kuna shule karibu na barabara. Alijaribu kueleza kwamba atakuwa akipokea wageni wanane kwa siku, tena kwa miadi, lakini fomu haikuwa na mahali pa kuandika maelezo kama hayo. Nilipomtembelea wiki iliyopita, chumba kile kilikuwa kimejaa magunia ya mbegu za viazi, na glasi ishirini na nne alizonunua zilikuwa bado ndani ya maboksi yake juu ya magunia hayo.

Wako,
Dereva wa watalii,
Lanet, Nakuru