YAH: Kupanda kwa ada na kupunguzwa kwa huduma kwa wanachama wenye magonjwa sugu

Meneja, Idara ya Bima ya Afya

Ndugu Meneja,

Tunapinga mambo mawili mliyoyaweka pamoja katika mkataba mpya: kupandisha ada kwa asilimia 15, na papo hapo kupunguza mnacholipia kwa wenye kisukari, presha na maradhi ya figo. Ada ikipanda kwa kiwango hicho kila mwaka, baada ya miaka 5 inakuwa maradufu. Familia yenye mgonjwa haiwezi kuhama kirahisi, maana kwingine atawekewa muda wa kungoja kwa ugonjwa ambao tayari anao. Mnalijua hilo, na kuwabana watu wasio na pa kwenda si haki.

Linalotuudhi zaidi ni hesabu yenu ya insulini. Kichupa cha mililita 10, chenye yuniti 100 kwa kila mililita, kina yuniti 1,000. Anayejichoma yuniti 20 kwa siku, mfumo wenu unasema kimtoshe siku 50, na duka la dawa hunyimwa idhini hadi siku hizo ziishe. Lakini insulini nyingi za vichupa, zikishafunguliwa, zinatakiwa kutumika ndani ya siku 28 hivi, hata kama zinakaa kwenye jokofu. Baada ya hapo nguvu ya dawa haina uhakika tena, ijapokuwa kwa macho haijabadilika. Katika siku 28 mgonjwa ametumia yuniti 560. Zile 440 zilizobaki ni za kutupwa, ilhali ninyi mnazihesabu kuwa akiba. Kwa siku 22 zinazofuata, ama anunue kwa fedha zake, ama ajichome dawa isiyoaminika, sukari ipande, kisha alazwe kwa gharama yenu. Rekebisheni mfumo uhesabu siku tangu kichupa kufunguliwa. Au idhinisheni kalamu za kujichomea insulini, zile za mililita 3: kila moja ina yuniti 300, na kwa dozi hiyo haifikishi zaidi ya siku 15, hivyo hakuna cha kumwaga.

Vijiti vya kupimia sukari navyo havitoshi. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hupima walau mara 4 kwa siku, kwa hiyo kasha la vijiti 50 humalizika siku ya 13. Ninyi mnatoa kasha moja kwa mwezi.

Kwa wagonjwa wa figo mmeweka kikomo cha vipindi 104 vya kusafisha damu kwa mwaka. Ratiba ya kawaida ni mara 3 kwa wiki, yaani vipindi 156. Anayeifuata anagonga kikomo chenu wiki ya 35. Mwenye figo zilizokufa akikosa vipindi, maji hujaa mwilini hadi kwenye mapafu, na potasiamu hupanda kiasi cha kuweza kusimamisha moyo. Hapa hatuoni hata nafuu ya kifedha mnayoitafuta, kwani mtu huyo ataletwa usiku kwa dharura.

Kuhusu asilimia 20 mnayotaka mgonjwa achangie kwa kila dawa: utafiti mkubwa wa taasisi ya RAND uliofanyika Marekani kuanzia miaka ya 1970 ulionyesha kwamba watu wakichangishwa hupunguza matibabu yanayowafaa sawasawa na yasiyowafaa. Maskini wenye presha waliotibiwa bure walidhibiti presha yao vizuri zaidi. Dawa za kila siku ziondoeni kabisa kwenye uchangiaji huo.

Tunataka pia kuona hesabu iliyozaa asilimia 15: katika kila 100 mliyokusanya kama ada, ngapi zililipa madai, ngapi ziliendesha ofisi, na ngapi zilibaki faida. Bila takwimu hizo, kusema tu kwamba “gharama za matibabu zimepanda” hakutoshi.

Tumeambatisha nakala za vyeti vya dawa vilivyokataliwa, pamoja na tarehe za kukataliwa. Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14, na ada ya zamani iendelee kutumika hadi mtakapojibu. Siku hizo zikipita kimya, tutapeleka barua hii na viambatisho vyake kwa mamlaka inayosimamia kampuni za bima.

Wenu,
Familia za wanachama wanaoishi na magonjwa sugu