Daktari aliyechagua goti la mama analipwa na nani?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana mama yangu alipobadilishwa goti.

Mama ana miaka 68, goti la kulia lilikuwa limeisha kabisa, ukiangalia eksirei hata kama sio daktari unaona mfupa umekalia mfupa. Ngazi hapandi, swala anaswali kwenye kiti. Tukampeleka kwa daktari bingwa, akapima, akasema libadilishwe, na hapo sina ubishi naye, mkono wake ni mzuri, leo mama anaenda sokoni na kurudi kwa miguu yake.

Kinachonisumbua ni kikaratasi. Alipomaliza kutueleza alichana karatasi kwenye pedi ya pale mezani, akaandika jina la kampuni na namba ya simu, akasema mpigieni huyu atawaletea goti. Nikauliza, dokta lazima iwe hawa? Akajibu hawa ndio ninaowafahamu. Sasa ile pedi yenyewe ilikuwa na nembo ya kampuni hiyohiyo, kalamu aliyoandikia pia, na kalenda ya ukutani pia. Nikapiga, profoma, yaani karatasi ya bei, ikaingia WhatsApp ndani ya dakika kumi, milioni 6 na laki 4. Shemeji yangu akahangaika akapata ya kampuni nyingine, milioni 4 na laki 9, tukarudi nayo, tukaambiwa hilo sijalizoea.

Inawezekana ni kweli kabisa. Magoti ya bandia hayafanani, na daktari akizoea vifaa fulani anafanya kazi vizuri zaidi, hilo naliheshimu. Lakini milioni moja na nusu kwa familia inayochangishana kwenye grupu, mdogo wangu kauza bodaboda yake ndio ikatimia, jamani si tuna haki ya kujua kama kampuni ile inampa daktari wetu chochote? Sikumuuliza. Mama amekaa pembeni kashika mkongojo, na huyo ndiye atakayempasua keshokutwa, unaanzaje kuuliza?

Siku yenyewe nikamwona kijana anaburuza mabegi mawili mazito, kavaa nguo za kijani za thieta, nikamsalimia nikidhani nesi. Kumbe ndiye mtu wa kampuni, anaingia ndani na saizi zote za goti na vifaa vyake. Na sio hapa tu, dunia nzima ndivyo wanavyofanya, sio kosa. Ila ndio mjue jinsi walivyo karibu.

Na ukaribu huu umeshaleta matatizo kwa wenzetu. Mwaka 2007 waendesha mashtaka wa serikali kule New Jersey, Marekani, walizibana kampuni tano zilizokuwa zinauza karibu asilimia 95 ya magoti na nyonga za bandia nchini humo, kwamba zinawapa madaktari mikataba ya ushauri, mtu analipwa makumi hadi mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka ili atumie vifaa vyao. Zimmer, DePuy, Biomet na Smith & Nephew zikalipa jumla ya dola milioni 311. Stryker ilijipeleka yenyewe kutoa ushirikiano, haikulipa, lakini ikawekewa msimamizi kama wenzake. Na zikatakiwa ziweke hadharani majina ya madaktari na kiasi walicholipwa.

Usidhani ni hela tu inayopotea. Kuna dawa ya kuotesha mfupa inaitwa Infuse ya kampuni ya Medtronic, inawekwa kwenye uti wa mgongo. Tafiti 13 zilizodhaminiwa na kampuni, wagonjwa 780, hakuna hata dhara moja lililoripotiwa kutokana na dawa hiyo. Mwaka 2011 madaktari wengine wakazipitia upya wakakuta madhara yapo tena mengi, na mwaka uliofuata kamati ya seneti ya Marekani ikasema madaktari walioandika tafiti hizo walilipwa na Medtronic kama dola milioni 210 ndani ya miaka 15. Yaani daktari wa kijijini huko anasoma jarida kwa nia njema kabisa, anamwekea mgonjwa, hajui mwandishi alikuwa anakula wapi.

Wamarekani walikuwa wameshatunga sheria mwaka 2010, na tangu 2014 mtu yeyote anaingia mtandaoni anaandika jina la daktari wake anaona alicholipwa na kampuni za dawa na vifaa, ushauri, nauli, hoteli, mpaka chakula. Haikatazi daktari kulipwa. Inasema tu tuonyeshe.

Sisi je? TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanasajili vifaa tiba na wanakagua ubora, sawa. Lakini mimi nikitaka kujua nani kamlipia daktari wangu tiketi ya semina ya nje ya nchi naangalia wapi? Ndio maana nawaomba Wizara ya Afya na Baraza la Madaktari, kampuni zinazouza hivi vifaa zilazimishwe kutangaza kila mwaka zimempa nani na kiasi gani. Hii itawasaidia hata madaktari safi, na ni wengi, maana sasa hivi mgonjwa akiona kalenda ya kampuni ukutani anawaza ten pasenti hata kama haipo. Mimi mwenyewe nimeishi mwaka mzima namshuku mtu aliyemrudisha mama yangu kwenye miguu yake, pengine namwonea bure.

Na fomu ya ridhaa aliyosaini mama, imeandikwa damu kuvuja, maambukizi, usingizi wa nusu kaputi, kila kitu. Uongezwe mstari mmoja tu pale, daktari anapokea au hapokei malipo kutoka kampuni inayouza kifaa hiki, asaini.

Goti la kushoto nalo limeanza, wamesema tujiandae mwakani. Tutarudi kwa daktari yuleyule, na safari hii nitamuuliza.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam