Kauntabuku la hosteli, na lile doa la ukurasa wa mama

Salaam aleikum shoga yangu Zainabu,

Habari za Mombasa? Mama mguu wake umepata nafuu? Sisi huku Kampala tuko salama Alhamdulillah, mvua inanyesha kila jioni na makaa yamepanda bei vile hupanda mvua ikianza, lakini tunakula. Tena mwaka huu tunakula kwelikweli, na ndo maana nimekaa nikuandikie, maana kwa simu airtime itaisha nikiwa bado kwa salamu.

Unakumbuka lile kauntabuku jeusi lenye mgongo mwekundu? La hosteli yetu ya Wandegeya, mbele nots za akaunti na nyuma mapishi, na wewe ukiniuliza kila siku hivi hilo daftari litaliwa lini. Basi mwezi wa kwanza nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, yule wa P5, nikalikuta chini ya sanduku limefungwa na kamba. Nikakaa chini nikafungua nikaanza kuhesabu. Mapishi 87. Nikachukua kalamu nyekundu nikaweka tiki kwa yale niliyowahi kupika hata mara moja tu, tiki zikawa 14. Zainabu, 14! Kwa miaka 16 ya kuandika.

Iliniuma, nakwambia ukweli. Kwa sababu kila ukurasa pale una mtu. Kila mama niliyemkuta jikoni nilimtolea daftari, akaacha kazi yake akanieleza, wengine wakarudia mara mbili mbili ili niandike vizuri, wengine hata walinishika mkono kunionyesha unga unavyotakiwa uwe, alafu mimi nikafunga daftari nikaenda zangu. Naona ni deni. Mtu amekupa kitu cha kupikwa na wewe umekitia sandukuni.

Kwa hiyo nikaweka nia kwamba kabla ya Ramadhani ijayo nitapika yote, moja baada ya lingine, na nimejiwekea sharti mbili tu. Ya kwanza, mara ya kwanza napika vile ilivyoandikwa, hakuna kuongeza royco hakuna kupunguza mafuta. Ya pili, nikimaliza napiga simu kwa aliyenipa kama yuko hai, namwambia leo nimepika chako. Hii ya pili ndo imefanya kazi iwe tamu. Wengine hawakunikumbuka kabisa, lakini wakakumbuka chakula. Saa hii niko 61, zimebaki 26.

Nilianza na mandazi kwa sababu yalikuwa mengi, mapishi tisa ya mandazi shoga, na yote nimepika, kila Jumamosi moja. Watoto walifurahi mpaka wiki ya sita hivi wakaanza kuuliza kama kuna mkate. Matatu kati ya hayo tisa ni kitu kimoja, tofauti ni nani alikuwa anapima kwa gilasi na nani kwa kikombe cha bati. Ila yale ya maziwa lala ni bora kuliko yote, hilo natamka bila kuogopa mtu.

Rolex nayo ilikuwa ndani, namba 3, tuliandika wote usiku ule baada ya mtihani, unakumbuka? Mayai mawili, kabeji, nyanya, kitunguu, chumvi, kunja ndani ya chapati ya moto. Wageni hudhani ni mambo ya saa kumbe ni rolled eggs tu, watu wameliita haraka haraka mpaka likawa jina. Nilipika, ikawa nzuri, lakini haikuwa ile ya barabarani, na nafikiri ni kikaango, chao kile kizito cha chuma kinakaa na moto mchana kutwa.

Sasa luwombo, kile chakula kinachofungwa na kupikwa ndani ya jani la mgomba. Hii nikae nikueleze vizuri kwa sababu wewe ulikula tu wala hukuiona ikitengenezwa. Jjajja, yule mzee aliyekuwa anatuuzia matooke karibu na geti ndo alinipa, na katika daftari nimeandika mistari minne: babua jani, weka kuku, funga, pika mpaka iive. Ndo basi. Wanasema luwombo ilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwaka 1887, na mpishi wake ndo aliyeibuni, sasa chakula cha ikulu mimi nimekiandikia mistari minne.

Nikanunua majani soko la Kalerwe, majani machanga yale laini yasiyochanika na upepo. Jani unalipitisha juu ya moto taratibu, unaona rangi inabadilika pale pale, lile la kijani linang'aa kama limepakwa mafuta na linakuwa laini kama kitambaa, na harufu inatoka, harufu ya moshi na majani mabichi, hiyo ndo inaingia kwenye mchuzi baadaye. Alafu lazima upunguze ule uti wa katikati kwa nyuma maana ukiuacha jani halikunjiki. Hapo ndo nilipoharibu. Kisu kilikata kwa ndani kidogo tu, tundu hata sikuliona, nikaweka kuku wangu niliyemkausha kwa makaa, uyoga, nyanya, kitunguu, nikaongeza na kikombe cha maji, nikafunga na kamba ya mgomba nikasimamisha kwenye sufuria. Masaa matatu na nusu. Kufungua, kuku amekauka na mchuzi wote uko chini ya sufuria umechanganyika na maji ya majani.

Nikampigia jjajja vile vile, nikamwambia ukweli. Hakunikemea. Akaniuliza tu, na maji ulitia ya nini, kuku ana maji yake. Jumapili iliyofuata akaja mwenyewe nyumbani na boda kwa umri ule, amebeba majani yake chini ya mkono. Akanionyesha ukishapunguza uti unaliinua jani unaliangalia kwa dirisha, kama kuna tundu mwanga unakuambia. Yaani ni hilo tu. Miaka 16 hilo halikuwa kwenye daftari kwa sababu yeye aliona kila mtu anajua, na mimi sikujua kuuliza. Ile ya pili tulipofungua, mvuke ulipanda ukajaa chumba chote na mchuzi ulikuwa umetulia ndani ya jani kama uko kwenye bakuli, mwekundu, mafuta ya kuku juu. Jjajja alikula akanyamaza. Alafu akasema, sasa andika. Nikaandika mbele yake.

Na hivyo ndo ninavyofanya siku hizi, kila pishi likishapikwa naandika pembeni kwa kalamu nyekundu kile ambacho hakikuandikwa. Ukiona sasa hivi nyekundu imezidi bluu.

Eshabwe pia ilinifunza hivyo hivyo. Ile ya dada wa Mbarara niliyekuwa nakaa naye meza moja kazini. Unaijua, ile nyeupe ya samli ya watu wa Ankole, haipikwi motoni, wanakula na kalo, ugali wa ulezi. Nimeandika "samli, kisula, maji, koroga". Mimi nikaisagia kile kisula, ile magadi, nikamwagia humo pamoja na vumbi lake, ikawa chungu, ulimi unakwaruza. Kumbe unaloweka kwenye maji unaacha inatulia, unachukua yale maji masafi ya juu tu. Samli nayo unaiosha kwanza kwa maji baridi yaliyochemshwa. Alafu unakoroga kwa nguvu upande mmoja, mkono unauma, unaona ni ya njano tu ni ya njano tu, mpaka unataka kuacha, na ghafla inageuka. Inakuwa nyeupe kama maziwa, mbele ya macho yako. Mtoto alipiga kelele akaita wenzake. Nilikoroga mara ya pili kwa ajili yao tu waone.

Kuna mengine hayanisubiri mimi, mimi ndo nayasubiri. Nsenene iko namba 40, na senene hawaji kwa kuitwa, wanakuja na mvua, mwezi wa 11 na wengine kwenye mwezi wa nne wa tano. Mwezi wa nne nilikosa, nilikuwa na mtoto hospitali. Kwa hiyo sasa nimekaa macho, wale wa Masaka wakiwasha mataa yao na kusimamisha mabati kwenye mapipa basi wiki hiyo hiyo soko la Nakasero litajaa, utawanunua na mbawa na miguu yao uje ukae nyumbani unyonyoe mpaka usiku. Hawahitaji mafuta, wanajikaanga na ya kwao, unatia kitunguu na chumvi. Na malewa, machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi kule mlima Elgon, nimeagiza kwa mtu anayekwenda Mbale, nitayapika na karanga. Hayo nikiyapata mwezi ujao nitakuwa nimepunguza mawili.

Ya mama yangu niliiweka mbali. Nilikuwa naifungua na kuifunga. Angara, wale samaki wakavu, na karanga, vile tulikuwa tunakula Arua na enyasa, ugali wetu. Alinisomea kwa simu nikiwa hosteli, wewe ulikuwa kitandani kwako siku ile, na nimeandika maneno yake vile alivyosema: loweka usiku, mwaga maji ya chumvi, karanga ya kusaga isiwe ya kukaanga sana, "na usikoroge sana". Nilipika mwezi wa nane. Ilitoka ile ile, Zainabu, ile harufu ya samaki mkavu na karanga ikianza kutoa mafuta, nilisimama tu jikoni na mwiko mkononi. Alafu nikakumbuka sharti la kupiga simu. Nikampigia dada yangu mkubwa Arua badala yake. Akanyamaza kwanza, alafu akasema mama alikuwa anasema usikoroge sana kwa sababu ya sisi, tulikuwa tunagombania kukoroga tunavunjavunja samaki. Nimeandika hiyo pia, pembeni, kwa nyekundu.

Sasa nije kwa kilichonileta. Mkate wa sinia wa mama yako, namba 58.

Ile alikuja kwenye graduation yako na mbuzi yake ya kukunia nazi ndani ya begi, wenzetu wamekuja na zawadi yeye amekuja na mbuzi na nazi sita. Nilikaa naye veranda ya hosteli nikaandika: mchele kikombe kimoja cha bati uloweke usiku kucha, saga na tui zito, hamira, iliki, acha iumuke, sukari, na hapo hapo kuna doa la samli, kubwa, limekula mistari mitatu. Chini yake naona tu "moto wa juu uzidi wa chini". Nimeweka karatasi kwenye mwanga wa dirisha kama jani la jjajja, hakuna.

Nimejaribu mara tatu. Ya kwanza nilitia sukari pamoja na vyote kwenye blenda, rojo ikawa nyepesi sana, ikaumuka alafu ikalala, na mkate chini ukawa unanata kama gundi. Ya pili nikaiacha iumuke kwanza ndo nikatia sukari, hapo ikakaribia, juu ilishika rangi na ndani kulikuwa na matundu, lakini machache, haikuwa ule wa mama uliokuwa kama sega la asali. Ya tatu nikatia ute wa yai niliopiga maana jirani mmoja wa Zanzibar aliniambia wao hutia, ikapanda vizuri mno. Lakini hiyo siihesabu. Hilo la yai silioni kwenye daftari, na sijui kama lilikuwa chini ya doa au halikuwepo, na nataka kupika wa mama yako, sio wa mtu mwingine hata kama ni mtamu.

Kwa hiyo nakuomba umkalie mama siku ambayo mguu haumsumbui, umuulize haya. Sukari anatia lini, kabla ya kuumuka au baada? Anatia ute wa yai au hatii? Mchele ni upi, maana mimi natumia super wa hapa na nahisi hausagiki laini kama wake. Na sinia anaipasha moto na mafuta kwanza kabla ya kumimina, au anamimina ikiwa baridi? Usimjibie wewe, nakujua, muache aseme mwenyewe na urekodi sauti yake unitumie, hata akizunguka akaanza habari za harusi ya nani muache tu azunguke. Huwa wanalisema lile la maana wakiwa wanaongea kitu kingine.

Na mwambie nimesema nilichelewa. Alikaa na mimi veranda mchana mzima na mimi nimepika leo, yeye ndo wa kupigiwa simu na bado sijapiga, nangoja utoke vizuri.

Kama utaweza kabla ya Ijumaa itakuwa vizuri sana. Nimenunua nazi tatu kwa yule mzee anayezileta kutoka huko kwenu, nimezitikisa zote zina maji, ziko juu ya friji.

Nisalimie watoto na shemeji.

Ni mimi shoga yako wa kitanda cha juu.